KUIGA NA KUIGIZA: LAFUDHI NA UHALISI KATIKA TAMTHILIA ZA KIHISTORIA ZA TELEVISHENI

1. Utangulizi

Kila inapooneshwa katika televisheni tamthilia inayohusu mambo ya kale, husikika hukumu mbili. Ya kwanza husema kwamba mwigizaji fulani hakufaa kwa kuwa lafudhi yake si ya watu anaowaigiza. Ya pili husema kwamba mambo hayakuwa hivyo. Hukumu hizi hazifanani, lakini katika mazungumzo yetu, na hata katika ripoti za kazi na masahihisho ya darasani, zote mbili hubebeshwa neno moja, nalo ni uhalisi. Mfasiri anayeandaa maneno ya kutiwa katika tamthilia ya kigeni, mwalimu anayefundisha sanaa za maonesho, na mtumishi wa serikali anayekagua kazi hizo kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, wote hulitumia neno hilo, na kila mmoja ana maana yake.

Televisheni haina umri mrefu kwetu. Zanzibar ilitangulia katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994. Kabla ya hapo tulilelewa na jukwaa na redio. Katika mchezo wa redio sauti ndiyo uso, ndiyo mavazi, ndiyo umri wa mhusika. Kwa hiyo ilikuwa desturi kumtambulisha mtu kwa lafudhi tangu neno lake la kwanza. Desturi hiyo tumeihamishia katika televisheni bila kuuliza kama bado inahitajika.

Makala haya yanakusudia kuzitenganisha dhana zilizofungwa pamoja, na kuzijaribu kwa mfano wa mahali pamoja, yaani mwambao wa ziwa mjini Mwanza, ambako leo ipo kata ya Igogo. Hoja yetu ni hii: lafudhi ya mwigizaji haiwezi kuhukumiwa mpaka tumeuliza kwanza mhusika alikuwa akisema lugha gani. Asiyeuliza swali hilo huweza kudhani kwamba anatetea ukweli wa historia, kumbe anawadhalilisha watu ambao historia hiyo ni yao.

2. Istilahi zinazochanganywa

Tuanze na vitenzi viwili vya shina moja, iga na igiza. Kuiga ni kufuata tendo au sauti ya mwingine. Kuigiza ni kumchukua mtu mzima, pamoja na nia yake, hofu yake na hali yake, na kumtenda mbele ya watazamaji. Kasuku huiga, haigizi. Lugha yenyewe imekwisha kutupa tofauti tunayoitafuta, na inafaa tuishike: uigaji ni stadi ya sikio na ulimi, ilhali uigizaji ni sanaa ya kumfahamu binadamu. Uigaji waweza kuusaidia uigizaji, lakini hauwezi kushika nafasi yake.

Lafudhi ni namna ya kutamka inayomtambulisha msemaji: huonesha kwao, lugha yake ya kwanza, pengine na malezi yake. Lahaja ni jambo pana zaidi, kwani hujumlisha msamiati na sarufi pamoja na matamshi. Kiunguja, Kimvita na Kimtang'ata ni lahaja za Kiswahili. Si sawa kusema kwamba Msukuma anayezungumza Kiswahili ana "lahaja ya Kisukuma". Kisukuma ni lugha kamili yenye lahaja zake yenyewe. Alichonacho msemaji huyo katika Kiswahili ni lafudhi. Matamshi ni utoaji wa sauti za maneno, nayo yaweza kupimwa kwa kipimo cha Kiswahili sanifu. Kiimbo ni kupanda na kushuka kwa sauti katika sentensi nzima. Mara nyingi mtazamaji anapolalamika kuhusu lafudhi, kilichomchukiza hasa ni kiimbo: maneno yametamkwa sawasawa, lakini wimbo wa sentensi ni wa mtu anayesoma karatasi.

Yapo pia maneno ya upande wa pili. Uhalisia ni mkondo wa sanaa unaokusudia kuyaonesha maisha kama yanavyoishiwa. Hilo ni neno la wahakiki wa fasihi, na lingefaa liachiwe kazi hiyo. Usahihi ni kulingana na ushahidi: tarehe, vazi, silaha, jina la mahali. Uhalisi ni sifa ya kitu kilicho chenyewe, kisichoghushiwa. Uaminifu ni wajibu wa mfasiri kwa matini anayoihamisha. Tamthilia yaweza kuwa na usahihi wa mavazi na ikakosa uhalisi wa watu. Yaweza vilevile kufuata mkondo wa uhalisia na bado ikakosea tarehe. Kwa hiyo anayeandika hukumu yake hana budi kutaja ni kipi kati ya hivi kilichopungua.

3. Mwambao wa Mwanza, mwaka 1858

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa kuu kutoka katika vilima vya Mwanza. Mwenzake, Richard Burton, alikuwa amebaki Kazeh, karibu na Tabora ya leo, akiwa mgonjwa. Tukio hilo limeigizwa. Mwaka 1971 BBC ilitangaza tamthilia ya sehemu sita iitwayo The Search for the Nile, na mwaka 1990 ikatolewa filamu ya Mountains of the Moon iliyoongozwa na Bob Rafelson. Katika kazi zote mbili lugha kuu ya mazungumzo ni Kiingereza, jambo lisilo la ajabu, kwa kuwa ziliandaliwa kwa ajili ya watazamaji wa Kiingereza.

Tuseme sasa kwamba mwandishi wa Kitanzania anataka kuliandika tukio hilo kwa Kiswahili. Swali la kwanza si nani ataigiza, bali ni nani alisema nini kwa lugha gani. Hapo mambo huwa mazito. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Kiongozi wake, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa India na bwana wake, na kurudi Zanzibar baada ya kupata uhuru. Speke alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, ambacho hakikuwa lugha ya kwanza ya yeyote kati yao. Bombay aliyageuza maneno hayo kuwa Kiswahili kwa mtu wa msafara aliyefahamu lugha ya wenyeji, na huyo akayageuza tena kwa wenyeji wenyewe. Majibu yalirudi kwa njia hiyohiyo. Katika maandishi yake Speke anamtaja mtawala wa mahali hapo, Mahaya, na Mwarabu aliyekuwa akikaa huko, Mansur bin Salim.

Mnyororo huo wa lugha si pambo la hadithi; ndio kiini chake. Burton alipokataa kukubali kwamba Speke amegundua chanzo cha Nile, mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba habari za ukubwa wa ziwa zilipita katika vinywa vingi mno, na kwamba kila kinywa kingeweza kukosea. Ugomvi uliowatenganisha wasafiri hao ulikuwa, kwa sehemu, ugomvi juu ya ukalimani. Tamthilia inayowafanya watu wote wa tukio hilo waelewane kwa lugha moja bila kizuizi hulifuta jambo lililoleta ugomvi. Hapo mwigizaji wa Bombay aweza kuwa na lafudhi nzuri kupita zote, na bado onesho likawa limekosa uhalisi.

Katika tukio hilo moja, basi, Kiswahili kina kazi mbili. Bombay anapozungumza na wapagazi, Kiswahili ni lugha yao ya kweli; tukiite Kiswahili cha mhusika. Mahaya anapoteta na wazee wake kuhusu wageni hawa, Kiswahili tunachokisikia katika televisheni kinasimama badala ya Kisukuma. Tukiite Kiswahili cha tafsiri. Kazi hizi mbili zina kanuni tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakozaa makosa mengi.

4. Kiswahili cha tafsiri

Kanuni ya Kiswahili cha tafsiri ni rahisi kuisema: hakuna mtu aliye mgeni katika lugha yake mwenyewe. Mtemi aliyekuwa akisema Kisukuma na watu wake alikisema kwa ufasaha, kwa methali na kwa mzaha. Ikiwa Kiswahili kimeshika nafasi ya Kisukuma hicho, basi Kiswahili chake hakina budi kuwa fasaha vilevile. Tukimpa lafudhi nzito na sentensi zilizokatika, tunawaambia watazamaji kwamba alibabaika hata nyumbani kwake. Huo si uhalisi; ni uongo juu ya akili yake.

Waandishi wetu wakubwa waliifuata kanuni hii zamani. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, aliwapa watu wa Umatumbi Kiswahili kisicho na ulemavu wowote wa kubuni, na katika utangulizi wake akamtenga Kinjeketile wa historia na yule wa jukwaani. Mfano wa pili unatoka ng'ambo ya maji, Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Wahusika wake hawasemi Kiswahili kilichovunjwa ili msomaji ajue kwamba ni Wakerewe. Ukerewe wao umo katika majina, katika salamu, katika namna ya kuwaheshimu wakwe, katika mpangilio wa siku na kazi zake. Hilo ndilo somo kwa mwandishi wa televisheni: asili ya mtu huoneshwa kwa fikra na adabu zake kabla ya kuoneshwa kwa konsonanti zake.

Watazamaji nao wanaifahamu kanuni hii, ingawa hawaitaji. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Hakuna aliyedai kwamba wanawake wale wa Beijing waseme Kiswahili chenye lafudhi ya Kichina. Vivyo hivyo kwa tamthilia ya Kituruki iliyojulikana hapa kwa jina la Sultan: Suleiman na baraza lake walisema Kiswahili cha kawaida, na watu wakakubali kwamba hao ni Waturuki wa karne ya 16. Ikiwa mtawala wa Istanbul anaruhusiwa kusema Kiswahili safi, kwa sababu gani mtemi wa Mwanza anyimwe?

Nje ya nchi jambo hili limejadiliwa sana. Tamthilia ya Chernobyl ya mwaka 2019, inayohusu ajali ya nyuklia ya mwaka 1986 katika Umoja wa Kisovieti, iliwaacha waigizaji waseme Kiingereza kwa lafudhi zao wenyewe. Watengenezaji wake waliona kwamba mwigizaji anayeshughulika na lafudhi ya Kirusi ya bandia huishia kuigiza lafudhi badala ya kumwigiza mtu. Tamthilia ya Shōgun ya mwaka 2024 ilichukua njia nyingine: Wajapani walisema Kijapani, tafsiri ikaandikwa chini ya picha, na Kiingereza kikasimama badala ya Kireno kilichotumiwa na mabaharia na mapadri wa wakati huo. Njia hizo zinatofautiana, lakini zote mbili zina mpango, na mtazamaji anaufahamu mpango huo mapema.

Yafaa tutaje hatari moja inayomkabili mfasiri. Katika tamthilia hiyo ya Kituruki, mhusika Hurrem ni mateka aliyeletwa Istanbul kutoka nchi za kaskazini. Mwigizaji wake wa kwanza, Meryem Uzerli, alizaliwa na kukulia Ujerumani, na Kituruki chake kilikuwa na lafudhi ya kigeni iliyolingana na ugeni wa mhusika huyo. Hapo lafudhi ilikuwa na maana: ilimtenga Hurrem na watu wa jumba. Mfasiri akiigeuza sauti yake iwe sawa na sauti za wengine wote, maneno yatabaki lakini ugeni utapotea. Kwa hiyo uaminifu wa mfasiri hauishii katika maneno. Hana budi kuuliza ni lafudhi ipi ilikuwa na kazi katika matini ya asili, na ipi ilitokea tu.

5. Kiswahili cha mhusika

Pale ambapo wahusika walisema Kiswahili kweli, lafudhi yao ni sehemu ya ushahidi, na hapo mwigizaji anapaswa kufanya kazi. Mwambao wa Mwanza una mifano mingi. Wafanyabiashara wa pwani walifika kandokando ya ziwa kupitia Unyanyembe katika karne ya 19. Stanley alipofika Kagei mwaka 1875 alimkuta Songoro, mfanyabiashara aliyekuwa akiunda jahazi huko. Wajerumani walipoweka boma Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, makarani na maakida. Mwaka 1928 reli ilifika Mwanza, ikaleta watu wa Tabora, Kigoma na pwani. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba walijiunga katika vyama vya ushirika vilivyounda Victoria Federation of Co-operative Unions, na katika mikutano ya mjini Kisukuma na Kiswahili vilikaa pamoja. Tamthilia ya miaka hiyo, yenye wachukuzi wa Igogo, makarani wa reli na wavuvi Wakerewe na Wajita, ingehitaji lafudhi kadhaa, na kila moja ingekuwa na sababu yake.

Mwigizaji wa zama hizo ajifunze nini? Kisukuma hutumia toni, na kina irabu saba pamoja na tofauti ya irabu fupi na ndefu, ilhali Kiswahili kina irabu tano na huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo lafudhi ya Msukuma imo zaidi katika mwendo wa sentensi na urefu wa irabu. Ni kweli kwamba r na l hubadilishana nafasi katika vinywa vya wasemaji wengi wa kanda hiyo. Mkurya, ambaye lugha yake haina l, huelekea r. Msukuma mara nyingi huelekea l. Sauti th, dh na gh, ambazo Kiswahili kilizipata kwa Kiarabu, huelekea s, z na g katika sehemu nyingi za bara, siyo kwa Wasukuma peke yao. Lakini msemaji wa kweli habadilishi kila r aliyokutana nayo. Hubadilisha hapa, husibu pale, hujisahihisha akiwa mbele ya mkubwa, husahau akiwa na hasira. Mwigizaji anayebadilisha zote bila kukosa hata moja amebuni mtu asiyekuwapo.

Vilevile tusimdhanie kila Mzungu wa tamthilia kuwa mtu wa kubabaika. Maofisa wa utawala wa Kiingereza Tanganyika walitakiwa kufaulu mitihani ya Kiswahili. Bwana Shauri wa miaka ya 1950 aweza kuwa alisema Kiswahili cha vitabuni, chenye upatanisho kamili wa ngeli na kiimbo cha kigeni. Huyu ni mhusika mgumu kumwigiza kuliko yule wa vichekesho anayeharibu kila kitenzi, na ndiye aliye karibu zaidi na kweli.

Kwa upande wa visiwani tunayo filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuoneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Hadithi ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950, wahusika ni wa asili mbalimbali, na Kiswahili ni lugha ya maisha yao. Katika kazi ya namna hiyo mtazamaji ana haki kamili ya kudai Kiunguja cha mjini kisikike kama Kiunguja. Haki hiyo haihamishiki moja kwa moja hadi kwenye tamthilia ya mtemi wa mwaka 1858.

6. Lafudhi ya kejeli

Tunafika sasa kwenye jambo lenye madhara zaidi. Katika vichekesho vyetu lafudhi za bara zimekuwa nyenzo ya kuchekesha kwa muda mrefu. Mtani kumcheka mtani ni desturi yetu ya heri, nasi hatukusudii kuipinga. Tatizo huanza pale nyenzo hiyo inapohamia katika tamthilia ya kihistoria, ambako huacha kuwa utani na kuwa maelezo ya jinsi watu walivyokuwa. Utaratibu wake hujulikana: shujaa husema Kiswahili sanifu, mzee wa kijiji, mpagazi na mama wa sokoni husema kwa lafudhi nzito. Kama wote ni Wasukuma, na wote wanasema Kisukuma kilichofasiriwa, lafudhi hiyo imetoka wapi kwa baadhi tu? Haikutoka katika historia. Imetoka katika daraja tulilowapangia.

Mtoto wa shule ya msingi pale Igogo hukaa mbele ya televisheni pamoja na bibi yake aliyetoka kijijini. Akifundishwa kila jioni kwamba watu wa kale waliosema kama bibi walikuwa ndio wa kuchekwa, atajifunza kuionea aibu sauti ile kabla hajajifunza chochote kuhusu Mahaya au pamba au ushirika. Mwalimu atakayemfundisha kesho yake kwamba lugha zetu za asili ni hazina ya Kiswahili atakuwa ameshinikizwa na somo lililokwisha kuingia. Ndiyo maana jambo hili si la wapenda sanaa peke yao.

7. Nasaba ya mwigizaji

Wapo wanaotoa dawa moja: Msukuma aigizwe na Msukuma. Rai hiyo ina faida, kwani huwapa kazi wasanii wa mikoani na huongeza masikio yenye ujuzi katika kundi. Lakini haitoshi. Kijana aliyezaliwa Igogo leo amekulia katika Kiswahili cha mjini. Kisukuma chake, kama anacho, si kile cha mwaka 1858. Naye anahitaji kujifunza.

Tena nasaba haisahihishi hadithi. Tamthilia ya Shaka Zulu, iliyooneshwa Afrika Kusini mwaka 1986 wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi, ilimtumia Henry Cele, Mzulu, katika nafasi ya Shaka, naye aliifanya kwa nguvu iliyokumbukwa. Hata hivyo sehemu kubwa ya hadithi ilisimuliwa kwa macho ya wageni weupe waliofika katika baraza lake. Mwigizaji alikuwa wa huko. Mtazamo haukuwa wa huko. Anayepima uhalisi kwa ulimi wa mwigizaji peke yake angeipitisha kazi hiyo bila kuuliza zaidi.

8. Msamiati na adabu za zama

Kosa la lafudhi husikika upesi, lakini kosa la msamiati hupita kimya na kudumu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kazi ya kamati ya lugha iliyoanza mwaka 1930. Mpagazi wa mwaka 1858 hawezi kusema kwamba safari ina "changamoto" wala kuuliza "mchakato" wa kuvuka mto umefikia wapi. Kadhalika, katika mkutano wa kijiji wa mwaka 1975 kiongozi aliitwa Ndugu. Anayemwita Mheshimiwa katika tamthilia ya mwaka huo ameiondoa siasa nzima ya Ujamaa kwa neno moja.

Vyeo navyo vina uzito. Wageni waliandika "sultani" kwa kila mtawala waliyemkuta, na baadaye wakoloni wakasema "chifu". Wenyeji walisema ntemi, nasi tunasema mtemi. Akiitwa sultani na Bombay, ni sawa. Akiitwa sultani na mwanawe, ni kosa. Salamu mwangaluka wakati wa asubuhi, ikiachwa katika Kisukuma chake ndani ya mazungumzo ya Kiswahili, humtambulisha msemaji kwa heshima na kwa sekunde moja, bila kuharibu neno lolote.

9. Vipimo vinavyopendekezwa

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwamba anayeihukumu tamthilia ya kihistoria, kwa kalamu au kwa mhuri, ajiulize maswali haya kwa utaratibu:

(a) Mhusika alikuwa akisema lugha gani mahali hapo na mwaka huo?

(b) Kiswahili tunachosikia ni cha mhusika au ni cha tafsiri? Na je, mtazamaji amepewa dalili ya kutambua lugha inapobadilika?

(c) Ikiwa ni cha tafsiri, je, wote wanaosema lugha moja ya asili wamepewa ufasaha ulio sawa?

(d) Ikiwa ni cha mhusika, je, lafudhi inalingana na maisha yake, na inabadilika kama inavyobadilika kwa watu wa kweli?

(e) Msamiati, vyeo na salamu ni vya zama hizo?

(f) Tukiiondoa lafudhi kabisa, je, bado tunamwona mtu? Swali hili ndilo la uigizaji wenyewe.

Mwalimu aweza kuyatumia maswali haya darasani kwa kuwapa wanafunzi tukio moja, kama lile la Speke, Bombay na Mahaya, wagawane sehemu na kuamua kila sentensi isemwe kwa Kiswahili cha namna gani. Mfasiri aweza kuyaandika pembeni mwa mswada kabla ya kuanza kazi. Mkaguzi aweza kuyatumia ili ripoti yake isiishie katika maneno "haina uhalisi", ambayo hayamsaidii mwandishi kurekebisha lolote.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba lafudhi, matamshi na kiimbo ni vitu vitatu. Kwamba usahihi na uhalisi havilingani. Na kwamba Kiswahili cha mhusika na Kiswahili cha tafsiri vina sheria mbalimbali. Ipo siku historia ya kanda ya ziwa itaandikiwa tamthilia za televisheni kwa wingi inaostahili, na Mwanza, ambako Radio Free Africa na Star TV zilianzishwa, haikosi watu wa kuifanya kazi hiyo. Itakapofika, inafaa istilahi zetu ziwe zimekwisha kutengenezwa. Mtemi apewe ulimi uliokuwa wake, mkalimani apewe mzigo uliokuwa wake, na mwigizaji ahukumiwe kwa mtu aliyemleta mbele yetu. Wasomaji wenye mifano ya matumizi ya istilahi hizi katika kazi zao wanaombwa kuijadili, kwani istilahi hukomaa kwa kutumiwa.